Mwanga Nao Waweza Kusema Uongo

Majuma matatu yaliyopita lililetwa katika ofisi yetu tangazo la oili ya injini. Lilikuwa na picha mbili zilizowekwa sambamba. Katika ile ya kushoto, iliyoandikwa juu yake neno "Kabla", ilionekana injini iliyoondolewa kifuniko chake cha juu, imeganda tope la oili chakavu, nyeusi kama sufuria iliyosahauliwa mekoni. Katika ile ya kulia, iliyoandikwa "Baada", injini ile ile yang'aa kama kikombe cha fedha. Chini yake palikuwa na maneno machache tu: jina la oili, bei yake, na kwamba kila mtu ajionee kwa macho yake mwenyewe. Mwenye tangazo alikuwa tayari kulipia robo ya ukurasa kwa muda wa miezi sita.

Hatufichi kwamba fedha hizo zilitupendeza. Gazeti haliishi kwa hewa. Karatasi yapanda bei, na gari linalopeleka magazeti maparokiani halitembei bila mafuta. Tena tulipolisoma tangazo lile neno kwa neno, hatukuona uongo hata mmoja. Oili nyingi za siku hizi kweli husafisha. Hakuna aliyeahidi muujiza. Lakini dereva wetu, aliyefanya kazi gerejini miaka mingi kabla ya kuja kwetu, alizitazama picha zile kwa muda mrefu, kisha akasema: "Padre, hebu utazame mkono wa fundi."

Katika picha zote mbili mkono wa fundi ulionekana ukingoni, umeshika bisibisi. Katika picha ya kwanza mkono ule ulikuwa mweusi tii. Katika ya pili ulikuwa wa maji ya kunde. "Injini imesafishwa na oili," akasema dereva, "na mkono je, umesafishwa na nini?"

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo tumelibeba kwa majuma haya yote, nasi twapenda kulitua leo mbele ya wasomaji wetu. Je, mtu aweza kusema uongo asitamke neno lolote la uongo? Na kama aweza, kosa lake lakaa wapi: katika picha, katika taa, au katika moyo wa yule aliyeiwasha?

Hatukutaka kumhukumu mtu kwa maneno ya dereva peke yake. Tuliazima gerejini kifuniko cha injini kuukuu, upande wake wa ndani umeshika ukoko wa rangi ya kahawia iliyokolea, tukampa kijana mmoja mpiga picha za harusi. Mara ya kwanza alikipiga picha jioni ndani ya gereji, taa moja ya manjano ikimulika kutoka ubavuni. Asubuhi yake, pasipo kukipangusa hata kwa kidole, alikitoa nje karibu na ukuta mweupe, mwenziwe akashika shuka jeupe upande wa pili ili lirudishe mwanga, akakipiga picha tena. Picha hizo mbili tukawaonyesha watu waliokuja ofisini kwa shughuli zao. Wengi walisema mara moja kwamba kifuniko kimeoshwa. Mama mmoja akauliza ni sabuni gani iliyotumika, maana yeye ana masufuria yaliyomshinda.

Siri yake si kubwa. Mwanga ukija kutoka ubavuni, kila kivimbe kidogo cha uchafu hutupa kivuli chake, na kivuli hukifanya kionekane kinene kuliko kilivyo. Mwanga mpana ukija kutoka mbele, vivuli hufa, na uso wenye mikwaruzo huonekana laini. Taa ya manjano huipa madini nyeupe rangi ya kuungua. Mwanga wa mchana huirudishia weupe wake. Kamera nayo yaweza kuruhusiwa kuingiza mwanga mwingi zaidi mara hii kuliko mara ile, na hapo cheusi huwa cha kijivu, na cha kijivu huwa cheupe. Utando mwembamba wa oili mpya, ukimulikwa vizuri, hung'aa kama kioo hata kama chini yake pana uchafu.

Katika hayo yote hakuna lililo baya kwa lenyewe. Mpiga picha za harusi huyafanya kila Jumamosi ili bibi arusi apendeze, wala hapana amshtakiye. Lakini picha ya bibi arusi haidai kuthibitisha jambo. Yadai tu kwamba siku ile alipendeza, nasi sote twakubali. Picha mbili za kabla na baada ni kitu kingine. Hizo ni mashahidi wawili walioitwa barazani ili tuwalinganishe. Ulinganifu una sheria moja isiyovunjwa: kibadilike kile tu kinachopimwa, na vingine vyote vikae kama vilivyokuwa. Atakayebadili oili na taa kwa pamoja, kisha akaipa oili sifa zote, amevunja sheria hiyo, na ushahidi wake haufai kitu.

Yafaa tuitendee haki oili yenyewe, maana hatupendi kupinga uongo kwa kusema uongo mwingine. Oili ya injini si mafuta matupu. Ndani yake hutiwa dawa za namna mbili zihusuzo usafi. Za kwanza, ambazo nyingi zina madini ya kalsiamu au magnesiamu, huzuia uchafu usigande juu ya pistoni na sehemu nyingine zipatazo moto mkali, tena hupunguza ukali wa tindikali itokanayo na kuungua kwa mafuta. Za pili huzizunguka chembe za masizi na kuzifanya zielee mbalimbali, zisije zikashikamana na kuwa tope. Ndiyo sababu oili njema katika injini ya dizeli huweza kuwa nyeusi baada ya safari chache tu. Imekuwa nyeusi kwa kuwa yafanya kazi: yaubeba uchafu mgongoni mpaka siku itakapomwagwa. Rangi peke yake haitoshi kuihukumu oili, lakini fundi mzoefu haogopi weusi huo.

Tena kazi kubwa ya oili ni kuilinda injini safi isichafuke. Kuirudisha injini iliyokwisha kuganda tope ni kazi ya polepole, ambayo huenda ikahitaji kubadilisha oili mara kadhaa. Na pengine haiwezekani kabisa, mpaka fundi aifungue na kuiosha kwa mkono. Weupe wa ghafula, kama ule wa kikombe cha fedha, ni jambo ambalo mtu mwenye kuijua kazi hulitilia shaka. Lakini wanunuzi wengi hawaijui kazi hiyo, na picha zile hazikutengenezwa kwa ajili ya mafundi.

Huenda wengine wakasema kwamba twakuza jambo dogo. Basi tueleze habari ya msomaji wetu mmoja, baba wa watoto wanne, aliyekuja kututembelea mwaka jana. Alikuwa na gari dogo la abiria, alilolinunua kwa mkopo. Fundi alimwambia kwamba tope limezidi, na kwamba hapana budi bakuli la chini la oili lifunguliwe na chujio la pampu lioshwe. Gharama yake ilikuwa kama mapato ya juma zima, na gari lingesimama siku mbili. Siku ile ile akaziona dukani picha mbili za namna hii tunayoisema. Akaona ya nini kufungua injini, ikiwa oili yenyewe yaifanya ing'ae hivi? Akanunua galoni moja, akaimwaga ya zamani, akatia mpya, akaenda zake moyo umetulia.

Baada ya majuma machache taa nyekundu ya oili iliwaka akiwa njiani na abiria. Kabla hajapata mahali pa kuegesha, injini iligonga, ikanyamaza. Chujio lilikuwa limezibwa na tope, oili haikupanda tena kwenye beringi. Je, oili mpya ndiyo iliyobandua tope la zamani likaenda kuziba? Au lingeziba hata hivyo? Fundi hakuweza kusema, wala sisi hatusemi. Lakini jambo moja baba yule alilijua kwa hakika: asingaliziona picha zile, angalimsikiliza fundi wake. Muhula ule mtoto wake wa pili alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. "Padre," alituambia, "hakuna aliyenidanganya. Niliona mwenyewe." Maneno hayo hayajatutoka. Aliyedanganywa kwa maneno aweza kumlaumu msemaji. Aliyedanganywa kwa macho yake hujilaumu mwenyewe.

Walimu wetu wa zamani waliliona jambo hili mapema, ingawa hawakuijua kamera. Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo mwishoni mwa karne ya 4, aliufuata uongo mpaka ndani ya moyo: mwongo ana jambo moja moyoni na hutoa jingine nje, naye akusudia kumdanganya mwenziwe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, akaendelea mbele. Alifundisha kwamba alama ambazo kwazo twajulishana mambo si maneno peke yake, bali hata matendo na vitu. Kwa hiyo mtu atumiaye tendo au kitu ili kuonyesha lisilokuwapo, yu katika kosa la jamii moja na mwenye kulitamka. Taa basi yaweza kuwa ulimi. Aiwashaye upande huu na kuizima upande ule, akijua sisi tutaamini nini, amesema.

Tomaso huyo huyo, akifafanua haki katika kuuza na kununua, alifundisha kwamba muuzaji hana lazima ya kuitangaza kasoro iliyo wazi machoni pa kila mtu; lakini ile iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, sharti aifunue. Nasi twauliza: ni kitu gani kilichofichika kuliko tumbo la injini? Mnunuzi wa ng'ombe aweza kumtazama meno na kumpapasa mbavu. Mnunuzi wa oili hana macho mengine ila yale anayoazimwa na muuzaji. Anayeyaazima macho kwa kipofu, kisha akayatia rangi, ana hatia kuliko yule anayemdanganya mwenye kuona.

Twajua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni hili: kila mtu ajua kwamba matangazo hutia chumvi, kwa hiyo hakuna adanganywaye. Jibu hilo lajiangusha lenyewe. Kama kila mtu angalijua, hakuna ambaye angaligharimia taa na mpiga picha. Fedha hutumiwa pale ambapo wengi wataamini. Na wanaoamini zaidi ndio wenye haja zaidi na elimu ndogo zaidi ya jambo lenyewe.

Jibu la pili ni gumu zaidi, nalo lastahili heshima. Mtu atasema: Oili yangu kweli husafisha. Picha imelionyesha kwa haraka jambo ambalo lingalikuja kwa kuchelewa. Je, ni uongo kuisaidia kweli ionekane?

Swali hilo liliwahi kufika mbele ya Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani. Kampuni ya Colgate-Palmolive ilionyesha katika televisheni krimu yake ya kunyolea ikipakwa juu ya msasa, kisha wembe ukapita na kuunyoa msasa ule papo hapo. Kumbe hapakuwa na msasa. Palikuwa na kipande cha plastiki kilichonyunyiziwa mchanga. Wakubwa wa kampuni walijitetea kwamba krimu yao yaweza kweli kulainisha msasa hata unyoleke. Na ni kweli, ila msasa wa namna ile ulihitaji kulowekwa kwa muda wa dakika 80 hivi. Walisema pia kwamba msasa halisi, ukionyeshwa katika televisheni, huonekana kama karatasi ya kawaida. Mwaka 1965 Mahakama iliukataa utetezi huo. Kosa halikuwa tu katika kuikuza nguvu ya krimu. Watazamaji waliambiwa kwamba wanaona uthibitisho kwa macho yao wenyewe, hali hawakuuona. Hata kama jambo lenyewe lingalikuwa kweli, ushahidi ulikuwa wa bandia.

Mwaka huo huo mahakama nyingine ya nchi ile ilihukumu habari iliyo karibu zaidi na ya kwetu, maana yahusu motokaa. Kampuni ya vioo ya Libbey-Owens-Ford pamoja na General Motors walikuwa wametangaza kwamba vioo vyao vya madirisha havipindishi sura ya vitu kama vioo vya kawaida. Ikagunduliwa kwamba baadhi ya picha za kuonyesha uzuri wa kioo chao zilipigwa dirisha likiwa limeteremshwa. Kioo safi kuliko vyote kilikuwa kile kisichokuwapo.

Twaona basi kwamba kweli haihitaji msaada wa namna hiyo. Anayeitetea kweli kwa ushahidi wa uongo huifanya kweli yenyewe ifanane na uongo, hata siku ikija na ushahidi wake halali, watu hawataiamini. Wafanyabiashara waaminifu ndio waumiao kwanza. Mwenye oili njema, apigaye picha zake mbili kwa mwanga mmoja, ataonyesha injini iliyopungua uchafu kidogo tu. Naye ataonekana mnyonge mbele ya mwenye kikombe cha fedha. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza mwenendo wa kibiashara wenye kupotosha. Lakini sheria haiwezi kusimama kando ya kila taa. Pale isipofika sheria, sharti ifike dhamiri.

Wala si kwamba jambo hili haliwezi kutendwa kwa haki. Watu wapimao oili kwa kazi yao katika maabara huendesha injini kwa muda uliowekwa, kisha huifungua, na wakadiriaji waliofunzwa huutazama uchafu uliosalia na kuupa alama kutoka 0 hadi 10, ambapo 10 ni safi kabisa. Na kabla hawajatazama, mwanga wenyewe huwekewa kanuni: taa gani itumike, tena namna gani. Hao hawaamini hata macho yao wenyewe mpaka kwanza wameifunga taa isicheze. Twaliona hilo kuwa fundisho kubwa kwetu sote. Unyenyekevu wa kweli huanza pale mtu anapokubali kwamba macho yake yaweza kununuliwa.

Lakini tusiyaelekeze maneno haya kwa wauza oili peke yao, tukajiona sisi watakatifu. Yule apangaye nyanya nzuri juu ya tenga na zilizobonyea chini, ametumia taa yake. Yule aiuzaye nyumba na kuwaalika wanunuzi wakati wa kiangazi tu, kwa kuwa ajua masika bati huvuja, ametumia taa yake. Yule amsifuye kijana wake kwa wakwe watarajiwa, akataja kazi yake na kunyamaza juu ya pombe yake, naye ametumia taa. Hata sisi waandishi, tunapoichagua picha moja kati ya ishirini ili mkutano wa watu wachache uonekane kama umati, hatuna la kujitetea. Katika haya yote hapana neno la uongo lililotamkwa, na katika yote kuna mtu aliyedanganywa. Watoto wetu hujifunza amri ya nane kwa kutuona tukiuza kuliko kwa kutusikia tukiikariri.

Tumeazimu nini basi? Tulimwandikia mwenye tangazo kwa heshima. Tulimwambia kwamba tutalichapa kwa furaha bila picha, au pamoja na picha mbili zilizopigwa mahali pamoja, kwa taa moja na kamera iliyowekwa namna moja, na chini yake iandikwe ni injini gani, imetembea kilomita ngapi kati ya picha na picha, na kama kuna kitu kilichooshwa kwa mkono. Alitupigia simu. Alikuwa mpole, wala hakukasirika. Alisema wote hufanya hivyo, na kwamba hajawahi kupata malalamiko. Tukamwambia kwamba sisi tumewahi kuyasikia. Hadi leo hajarudi, na nafasi ile imebaki bila malipo. Twalisema hili pasipo kujisifu, maana mhasibu wetu bado hajatusamehe, na huenda miezi ijayo tukaliona pengo hilo.

Kwenu wasomaji wetu twatoa shauri moja dogo, ambalo hatukulipata chuoni bali kwa dereva wetu. Mwonyeshwapo picha mbili za kabla na baada, msikitazame kwanza kile mnachoonyeshwa. Tafuteni kitu ambacho hakikupaswa kubadilika: kichwa cha boliti, rangi ya meza, upande kinakoangukia kivuli, ngozi ya mkono. Kama na hicho kimetakata, basi si oili iliyosafisha. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata chema hakina budi kujitembeza, wala si kosa. Ila na kitembee mchana, katika mwanga ule ule unaotumulika sote.